Kanda Juu ya Ua wa Minyaa

Kila muhula unapokaribia kwisha, walimu wetu vijana huja kwenye meza yangu ya ukarani na ombi lile lile. Fomu zao za likizo zipo hapo, zimeshapigwa mhuri, lakini hawaji kwa ajili ya fomu. Wanataka niwaambie waangalie nini wakiwa nyumbani. "Mama, tupe tamthilia," wanasema. "Lakini siyo hizi ambazo kila mtu anaziangalia." Wananiita Mama Tamthilia nikiwapa mgongo, na siku hizi hata mbele yangu, maana adabu nayo imekwenda likizo.

Huwa nawapa tatu. Ya kwanza ni ya mwanamke aliyerudi kwao na sanduku, akakuta mlango umefungwa. Anakaa varandani juu ya sanduku lake, na katika kila sehemu mtu mmoja wa nyumba ile anatokeza dirishani, anazungumza naye kidogo, kisha anafunga dirisha. Ya pili ni ya daktari wa mifugo anayezunguka vijijini na farasi. Anatibu ng'ombe wa kila nyumba, na katika kila nyumba kuna mtu mgonjwa ambaye hakuna anayemtaja. Ya tatu ni ya wanawake wa kiwanda cha mikate. Mmoja wao kila jioni hubeba mkate kwenda kwake, huandaa meza ya watu wawili, hula peke yake. Walimu huitikia kwa vichwa. "Hizo ndizo zenye akili," wanasema, wanaandika majina kwenye simu zao na kuondoka.

Siwaambii kwamba sijaziangalia hata moja. Nilisimuliwa na dada yangu, mwaka aliokaa peke yake ndani ya ua wa minyaa na mimi nikasimama nje. Nilitaka asiwe peke yake. Nilitaka pia nisiingie. Vyote viwili nilivitaka kwa moyo mmoja, na kanda za video ndizo zilizokuwa ujanja wangu.

Ulikuwa mwaka ule tulipoambiwa hatuko tena Arusha, sasa sisi ni Manyara. Katika mji wetu wa Katesh watu walizungumza habari za mkoa mpya kana kwamba mvua nayo ingegawiwa upya. Serikali ilikuwa imeruhusu kila kitu kiingie, na kila kitu kilikuwa kimeingia: mitumba, sahani za plastiki, redio za mikanda miwili, na runinga ndogo ambazo watu walizibeba kwenye basi wamezipakata kama wagonjwa. Mimi nilikuwa nimeolewa miezi michache nyuma, na nilikuwa nauza kwenye duka la kukodisha kanda. Tajiri wangu alikuwa na jenereta. Mchana ilimchajia watu betri za gari, na jioni ilimwendeshea banda la video nyuma ya duka. Betri zilipangwa ukutani nyuma ya kiti changu, kila moja imebandikwa plasta yenye jina la mwenyewe. Nilizipokea mimi, nilizitoa mimi.

Kanda nazo zilikuwa za aina mbili. Kulikuwa na zinazotoka, ambazo watu walizigombania mpaka majalada yakachanika, na kulikuwa na zisizotoka, zilizokaa rafu ya chini kabisa karibu na panya. Zisizotoka nyingi zilikuwa tamthilia za nchi za mbali, zenye maneno ambayo hata tajiri hakujua ni lugha gani. Alizipata kwa jumla, kama mtu anavyopewa mifupa akinunua nyama.

Dada yangu alikuwa ameolewa Endasak, kwenye miteremko ya mlima Hanang, shamba la mahindi na maharage juu na boma la ng'ombe chini. Amenizidi miaka sita. Ndiye aliyenibeba mgongoni, ndiye aliyenifundisha kukama, ndiye aliyenichapa nilipomwaga maziwa kisha akamwambia Mama kwamba ameyamwaga yeye. Mumewe aliuza dume na magunia ya maharage, akaenda Arusha akarudi na runinga ya inchi kumi na nne, deki, inveta na betri ya gari. Jumapili baada ya ibada nyumba yao ilijaa majirani mpaka wengine wakaangalia kupitia dirishani. Kila wiki betri ilishuka Katesh juu ya baiskeli ya shemeji, nikaichaji, ikapanda. Dada aliwakaripia majirani kwa matope ya miguu yao, huku akiwapikia makande sufuria nzima. Alikuwa mjamzito, na alipenda watu.

Mtoto alizaliwa mzima. Aliishi siku tisa.

Mtu asiye wa kwetu itabidi nimweleze. Kifo cha namna hiyo, kwa desturi yetu sisi Wairaqw, kinaacha kitu ndani ya nyumba. Wenye nyumba wanatengwa, tunaita metimani. Hawashiki mkono wa mtu, hawateki maji kisima cha wote, hawaombi moto kwa jirani wala jirani haombi kwao. Anayeingia anaweza kutoka na kile kitu, akakipeleka kwake. Chochote kilicho ndani hakitoki, iwe jembe, iwe chungu, iwe mbegu. Unaweza kuingiza, huwezi kutoa. Inakuwa hivyo mpaka wazee waseme imekwisha, na wazee hawana haraka.

Kanisani tulikuwa tumeshahubiriwa mara nyingi kwamba mambo hayo ni ya giza. Mama aliitikia amina, akarudi nyumbani, akayafuata yote. Wazee wa kanisa nao walikwenda kumfariji dada. Walisimama barabarani, wakaomba kwa sauti kubwa ili asikie, wakaondoka bila kuvuka ua. Shemeji alikatazwa kama mkewe, lakini makatazo ya mwanamume yana miguu. Baada ya wiki mbili aliteremka Gehandu kwa ndugu yake, akidai ng'ombe wanahitaji majani, na huko akakaa. Ng'ombe wana bahati, kila mara kuna mtu anayejua wanachohitaji.

Mimi nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa binti wa mjini, nauza video, nimeona dunia yote kwenye kioo. Nilimwambia Mama waziwazi kwamba ule ni ukatili, kwamba mtoto alikufa kwa homa kama watoto wengine, kwamba Jumamosi nitapanda Endasak, nitaingia, nitalala kitanda kimoja na dada yangu.

Mama alikuwa anapepeta mahindi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Wewe si mmoja sasa," alisema. "Mimba ya miezi minne. Ukitaka kuingia, ingia. Usije ukanililia mimi."

Jumamosi nilipanda. Nilifika kwenye mwanya wa ua, pale palipokuwa na magogo mawili ya kufungia ng'ombe. Nilimwona dada amekaa mlangoni na kanga yake imefungwa juu ya maziwa, maziwa ambayo yalikuwa bado yanakuja bila mtu wa kuyanyonya. Alinyanyuka. Nikasema, "Shikamoo, dada." Akaitika, "Marahaba, mdogo wangu." Magogo yale yalinifika magotini. Hata kuku aliyavuka mbele yangu. Nilisimama.

Wanasema damu nzito kuliko maji. Yangu ilishindwa kuruka magogo mawili. Nilijiambia sikuamini yale mambo, na kweli sikuyaamini, lakini mkono wangu ulikuwa tumboni na haukutaka kutoka. Tulizungumza kwa umbali wa hatua kumi, kama watu wanaouziana mbuzi. Aliuliza habari za Mama. Aliuliza habari za mume wangu. Tumbo hakulitaja, ila alilitazama, kisha akatazama pembeni.

"Siku ni ndefu," alisema. "Zamani hata sikujua siku ina urefu gani."

Hapo ndipo nikapata wazo langu zuri. Nilirudi Katesh nikamwambia tajiri nataka kumpelekea dada kanda za kupoteza muda. Tajiri naye ni mtu wa kwetu, hakuhitaji kuelezwa. Alijua kanda ikivuka ule ua imekwenda. Alifikiri kidogo, akaelekeza kwa kidole cha mguu rafu ya chini. "Mpe hizo zisizotoka. Hata zikibaki huko, hakuna atakayeziulizia."

Kwa hiyo niseme wazi jinsi nilivyokuwa mshauri wa tamthilia. Sikuchagua zilizo nzuri. Nilichagua ambazo duka lingeweza kuzipoteza. Lakini Jumamosi nilipofika kwenye magogo, nikaweka zile kanda juu ya jiwe na kurudi nyuma ili aje azichukue, nilimwambia hivi: "Dada, hii watu wengi hawaijui. Ndiyo maana nimekuletea wewe. Zile zinazopigiwa kelele hazina lolote." Nilisema kwa uchangamfu wa muuzaji. Aliigeuza kanda, akalitazama jalada. Palikuwa na picha ya mwanamke mwenye gauni la maua, amesimama mbele ya mlango na sanduku.

"Asante," alisema. "Nitaiangalia."

Wiki mbili baadaye nilimkuta ananisubiri karibu na ua. Uso wake ulikuwa umechangamka. Kabla sijauliza, alianza kunisimulia habari za mwanamke wa varandani na madirisha yanayofunguliwa na kufungwa. Alijua kila mtu wa ile nyumba. Kulikuwa na shangazi aliyetokeza akampa kibuyu cha uji kwa kijiti kirefu. Kulikuwa na mdogo wake aliyetokeza akamsifia sanduku.

Nilicheka. "Tamthilia gani hiyo? Mtu amekaa varandani sehemu zote hizo?"

"Inakwenda polepole," alisema. "Lakini ni nzuri. Niletee nyingine."

Nilishuka mlima nimefurahi kupita kiasi. Nilimwambia mume wangu, nilimwambia Mama: dada anaendelea vizuri, amepata kitu cha kumshughulisha. Mama alisema Mungu ni mwema. Sote tulilala usingizi mzuri kwa sababu ya kanda ambayo panya walikuwa wameikataa.

Nikampelekea ya daktari wa farasi, kisha ya kiwanda cha mikate, kisha zingine ambazo majina yake yamenitoka. Kila nilipokwenda aliwahi kwenye ua, na kila mara alikuwa na hadithi ndefu. Alisimulia akiwa amesimama, mikono yake ikienda huku na huku, na mimi nikasikiliza upande wa pili nikiwa nimekalia gogo, tumbo likizidi kukua. Jua lilipoinama nilisema lazima niondoke. Alisema, "Bado sijakwambia mwisho." Nilisema ataniambia siku nyingine. Mara nyingine alikatiza simulizi katikati, akaniuliza, "Ungeweza kuja kuiangalia sehemu moja tu?" Nami nilijibu kwamba basi la jioni halingoji.

Dukani nilianza kuzisifia kwa wateja. Nilisema dada yangu ameangalia, ni mtu mwenye akili, amesema hii ya mkate inaliza. Watu walikuja kuziuliza, na tajiri akajuta kwamba nilizipeleka. Alisema nina kipaji cha kushauri.

Mwezi wa saba nilipanda nikakuta mkanda mweusi wa kanda umetandazwa kwenye shamba la maharage, kutoka mti hadi mti, unang'aa na kuvuma kwa upepo wa mlimani ili kufukuza ndege. Nilikasirika. Nilisema, "Dada, umezikata?"

"Nimeshaziangalia," alisema. "Na hazirudi dukani, si ndiyo? Wewe ndiye uliyezileta ukijua hazirudi."

Alisema bila ukali. Niliona aibu kidogo, ikapita. Aibu zangu za siku hizo zilikuwa zinapita haraka kama mawingu ya asubuhi kwenye Hanang.

Wazee walimaliza mambo yao baada ya mavuno. Kondoo alichinjwa, nyumba ikasafishwa, dada akatoka. Mwanangu alikuwa ameshazaliwa, wa kiume, mzima. Dada alishuka Katesh kumwona, na alipofika kwangu alisimama kizingitini. Nilimwambia ingia. Alisema viatu vina matope. Nilimwambia matope si kitu. Alinyoosha mkono akanipa kanga mpya ya kumbebea mtoto, akamtazama pale pale alipokuwa kwa muda mrefu, akasema ana masikio ya babu. Kisha akasema basi la jioni halingoji. Nilijua maneno yale yalikuwa yangu. Sikumshika mkono kumvuta ndani.

Dada hakupata mtoto mwingine. Shemeji aliyapenda majani ya Gehandu, akaoa huko, ana mji huko na watoto. Mwanangu, ambaye nilimlinda kwa magogo mawili na hatua kumi, sasa ni mtu mzima yuko Dodoma, na hupiga simu akiwa na shida. Mimi nimebaki na umaarufu wa tamthilia.

Likizo iliyopita mwalimu mmoja kijana wa hesabu alikuja mezani kwangu anatabasamu. Alikuwa ameihangaikia ile ya sanduku kwenye mtandao kwa wiki kadhaa, kwa jina nililomwandikia, na ameipata. Alikuwa hajaiangalia. Alinitilia kwenye flashi. "Ya kwako hii, Mama. Pumzika nayo."

Nikajua nitaiangalia wapi. Nilipanda Endasak siku ya pili ya likizo. Ua wa minyaa umezeeka, magogo hayapo tena, pameachwa wazi na bodaboda inaingia mpaka mlangoni. Dada ana sola juu ya bati na runinga bapa ukutani, aliyonunua kwa maharage yake mwenyewe. Nilimwamkia, nikaingia, nikakaa. Kila ninapoingia nyumba ile huwa nachagua kiti cha ndani kabisa, mbali na mlango, kana kwamba kuna mtu ananipigia mahesabu. Dada alikuwa na ungo wa maharage mapajani anachambua.

"Nimekuletea kitu," nilisema. "Ile yako ya sanduku. Leo tunaiangalia wote. Utanionyesha yule shangazi wa uji."

Aliacha kuchambua. Alitaka kusema neno, nikaona, lakini nilikuwa nimeshachomeka flashi.

Mwanamke wa gauni la maua alitokea na sanduku lake. Alipanda ngazi za varanda. Aligonga. Mlango ulifunguliwa kabla hata majina ya waigizaji hayajaisha. Watu sita walimiminika nje, wakamkumbatia wote kwa pamoja, sanduku likafunguka, kuku wawili wakaruka kutoka ndani, na watu tusiowaona wakaangua kicheko. Wakamvuta ndani. Varandani hapakubaki mtu.

Nilingoja. Nilidhani labda atatolewa nje baadaye. Alikuwa mezani, anakula, wote wanapiga kelele.

"Dada," nilisema, "mbona siyo hii?"

"Ndiyo hiyo. Si unaona gauni?"

"Lakini hadithi siyo yenyewe."

"Hadithi sikuwahi kuiona." Aliokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa dirishani. "Betri ilikufa wiki ile ile uliyoleta kanda ya kwanza. Hata sehemu ya kwanza haikuwahi kuanza."

"Betri?"

"Ilitakiwa kuteremka Katesh kuchajiwa. Nani angeibeba? Hakuna kitu kilichokuwa kinatoka humu."

Mimi nilikuwa nimefikiri yote. Nilifikiri kanda ipi ivuke na ipi isivuke, kwa sababu kisichotoka hakitoki. Na kutwa nzima nilikaa na betri za watu zimepangwa nyuma ya mgongo wangu, kila moja na plasta yake, na ya dada ilikuwa imekoma kuja tangu msiba, na sikuona pengo. Miezi yote ile alikuwa akikaa na majalada mkononi, anatunga. Shangazi wa kijiti kirefu alikuwa Mama. Yule mdogo mtu aliyesifia sanduku, sihitaji kusema alikuwa nani. Nami nilikuwa nimewauzia watu wa Katesh, na baadaye walimu wa shule nzima, hadithi ya dada yangu kama burudani ya likizo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia betri imekufa, ungeacha kuleta kanda."

"Kweli, lakini—"

"Na kama huleti kanda," alisema, "ungekuja kufanya nini?"

"Dada," nilianza. Kwenye runinga kuku alikuwa amepanda juu ya meza, na dada akacheka, kicheko cha kweli, kile cha zamani cha Jumapili nyumba ikiwa imejaa.

"Subiri kwanza," alisema. "Hii nimeingoja siku nyingi." Akanyoosha mkono, akaongeza sauti.